Kipimo Nacho Hupimwa

Penye malango ya viwanda vingi hutundikwa ubao unaoonyesha idadi ya siku zilizopita bila mfanyakazi kuumia. Tarakimu ikiongezeka, wakuu hufurahi. Yafaa tuulize: je, ubao huo hupima usalama wa mitambo inayoongozwa kwa vyombo? Kwa maoni yangu, haupimi.

Tutazame kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani. Tarehe 23 Machi 2005 mnara wenye kimo cha meta 52 ulijazwa mafuta kupita kiasi. Chombo cha kupimia kina kiliweza kusoma karibu meta 3 za chini tu. Mafuta yalipokaribia meta 48, chombo kilionyesha kwamba kina kinapungua. Kengele ya pili ya hadhari haikulia. Mafuta yalifurika, mvuke wake ukalipuka, watu 15 wakafa na 180 wakajeruhiwa. Mwaka 2007 tume iliyoongozwa na James Baker ilieleza kwamba kampuni ilikosea kudhani kuwa kupungua kwa ajali ndogo ndogo za wafanyakazi ni dalili ya usalama wa mitambo.

Wala wingi wa kengele si dawa. Huko Milford Haven, Wales, tarehe 24 Julai 1994, waendeshaji wawili walipaswa kushughulikia hadhari 275 katika dakika 11 kabla ya mlipuko, yaani zaidi ya moja kila sekunde 3. Hakuna binadamu awezaye kuzifikiri zote.

Yamkini msomaji atasema kwamba majeruhi ndio wanaohesabika kwa urahisi. Ni kweli, lakini aliyekwisha kuumia hutujulisha habari ya jana. Hatuna budi kuhesabu yanayotangulia ajali: mwendeshaji hupata hadhari ngapi kila dakika 10, ni vyombo vingapi vibovu havijatengenezwa, na vali za usalama zilijaribiwa kwa wakati wake au la.

Somo hili laweza kuanzia katika maabara ya shule. Kabla ya kuamini kipimajoto, mwanafunzi na akitumbukize katika barafu inayoyeyuka, aone kama kinasoma sifuri. Atakayezoea kufanya hivyo, siku akikabidhiwa mtambo atauliza kwanza: chombo hiki kinapima nini hasa, na kikikosea, nani atajua?