Sheria humpa mwenye nyumba muda, haimfutii deni

KILA wiki, kurasa za matangazo magazetini husheheni orodha za nyumba zinazopigwa mnada kwa sababu ya madeni. Nyuma ya kila nambari ya ploti kuna familia inayosubiri kuambiwa ifunge virago.

Si nyumba zote hizo zilizonunuliwa kwa mkopo. Takwimu za Benki Kuu ya Kenya (CBK) zilionyesha kuwa mwaka wa 2023 nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 pekee. Wapo Wakenya wengi ambao huweka hatimiliki rehani ili kupata mtaji wa biashara au kumdhamini ndugu. Biashara ikiyumba, au ndugu akishindwa kulipa, kinachochukuliwa ni paa la watoto.

Kosa linalojirudia ni moja. Mwenye nyumba hukaa kimya huku barua za benki zikirundikana, kisha hukimbilia mahakamani siku mbili kabla ya mnada. Wakati huo huwa amekwisha kupoteza kitu cha thamani zaidi alichopewa na sheria, nacho ni muda.

Kabla ya mwaka wa 2012, masuala ya rehani yaliongozwa na sheria tofauti kulingana na aina ya hatimiliki, ikiwemo sheria ya India ya 1882 iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Sheria ya Ardhi ya 2012 ilileta utaratibu mmoja. Chini yake, benki haihitaji kibali cha mahakama ili kuuza nyumba, lakini ni lazima ifuate hatua moja baada ya nyingine.

Kwanza, mkopaji awe amekosa kulipa kwa mwezi mmoja. Ndipo benki inapoweza kumwandikia notisi chini ya kifungu cha 90, ikitaja kiasi anachodaiwa na kumpa muda usiopungua miezi 3 wa kulipa. Notisi hiyo lazima pia imfahamishe kuwa ana haki ya kuomba nafuu mahakamani.

Miezi hiyo ikiisha bila malipo, benki hutoa notisi ya kuuza chini ya kifungu cha 96, ya siku zisizopungua 40. Nakala yake lazima iwafikie mume au mke wa mkopaji, mdhamini na wengine wenye haki katika ardhi hiyo.

Baada ya hapo dalali naye, kwa mujibu wa kanuni za madalali za 1997, hutoa notisi ya siku 45 za kukomboa mali. Hata zikiisha, mnada hauwezi kufanyika kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini.

Hatua hizi zikifuatana, jumla yake ni takriban siku 219, yaani zaidi ya miezi 7. Katika kipindi hicho chote, hadi mauzo yakubaliwe, mwenye nyumba anaweza kulipa deni lote na kuikomboa mali yake.

Kuna kinga nyingine ambazo wengi hawazifahamu. Nyumba wanamoishi wanandoa haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila idhini ya mwenzi anayeishi humo. Mume aliyetia saini kisiri hawezi kumfungia mkewe nje kwa saini hiyo moja.

Kadhalika, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka wa 2007, huweka kikomo cha riba. Mkopo ukishaingia katika kundi la mikopo isiyolipwa, riba inayoweza kudaiwa haipaswi kuzidi msingi wa deni uliokuwepo siku hiyo. Anayedaiwa Sh2 milioni za msingi wakati huo hawezi kutozwa riba inayopita Sh2 milioni nyingine, mbali na gharama za kufuatilia deni.

Kuhusu bei, kifungu cha 97 huilazimu benki kutafuta bei bora inayoweza kupatikana, na nyumba lazima ithaminiwe kabla ya kuuzwa. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kuwa benki imekiuka wajibu huo hadi ithibitishe vinginevyo. Pesa zikizidi deni na gharama, baki ni mali ya mwenye nyumba.

Hata hivyo, kinga hizi zina mipaka. Tangu uamuzi wa kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown mwaka wa 1973, anayetaka agizo la kusimamisha mnada kwa muda hutakiwa kuonyesha kuwa kesi yake ina msingi na kuwa atapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa pesa. Mahakama ikisalia na shaka, hupima ni upande upi utakaoumia zaidi.

Majaji wamesema mara kwa mara kwamba anayeweka mali rehani ameigeuza kuwa bidhaa inayoweza kuuzwa. Aidha, mzozo kuhusu kiasi cha deni pekee hautoshi kuzuia mnada. Anayefika kortini bila hata senti aliyolipa, akilia tu kuwa hiyo ni nyumba ya urithi, mara nyingi hurudi mikono mitupu. Kasoro katika notisi nayo huipa familia miezi michache tu, kwani benki huanza upya na riba huendelea kuhesabiwa hadi ifike kikomo chake.

Ndiyo maana miezi ile 3 ya kwanza ina thamani kuliko wakili wa dakika ya mwisho. Wakati huo mkopaji anaweza kuiomba benki irefushe muda wa kulipa ili kiasi cha kila mwezi kipungue. Anaweza kutafuta benki nyingine iununue mkopo huo kwa masharti nafuu, au kuikodisha nyumba na kuhamia ya bei ya chini.

Mambo yakiwa magumu kabisa, kuiuza mwenyewe kwa idhini ya benki kwa kawaida huleta bei bora kuliko nyundo ya dalali. Uamuzi huo ni mchungu, lakini huenda ukamwachia kitu mkononi.

Pengo kubwa liko hapa: sheria huilazimu benki kutoa notisi, lakini haiilazimu kuketi na mteja wake kutafuta suluhu. Kwamba hilo linawezekana lilionekana Machi 2020, janga la corona lilipobisha hodi. CBK iliruhusu mikopo ipangwe upya, na familia nyingi zikapumua hadi mpango huo ulipofikia kikomo Machi 2021.

Bunge halihitaji kusubiri janga jingine ili kuufanya mjadala kama huo kuwa hatua ya lazima kabla ya notisi ya kuuza. Lakini hadi hapo, mwenye nyumba atakuwa mwenye hekima akiifungua barua ya kwanza siku inapofika. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika suala hili, huenda ukuta wenyewe ukawa na mwenyewe mpya.