Jaji wa Rufani na Kalamu ya Hakimu

Mahakama ya Rufani ya Tanzania inapokuja Mwanza kwa kikao, mtu anayeingia ukumbini kwa mara ya kwanza akitaraji kusikia mashahidi atatoka bila kumsikia hata mmoja. Watakaosema ni mawakili, au mfungwa mwenyewe aliyeandaa sababu zake za rufaa akiwa gereza la Butimba. Mbele ya majaji, ambao Katiba inataka wasipungue watatu, hakuna mjane anayelia wala mvuvi wa kunyoosha kidole na kusema huyu ndiye aliyeiba injini ya mtumbwi wangu. Kuna karatasi. Yote yaliyosemwa Geita, Sengerema, Magu au Ukerewe miaka kadhaa nyuma yamefika hapo yakiwa yameandikwa na mtu mmoja, yule aliyesikiliza shauri mara ya kwanza, na majaji wa rufani hawana mlango mwingine wa kuliingia jambo lile ila maandishi ya mtu huyo. Kwa kusoma tu wanaweza kumrudisha mtu kwa watoto wake, na kwa kusoma tu wanaweza kuthibitisha kwamba anyongwe.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba tunapouliza jaji wa rufani alilelewa wapi, alianza kazi gani na alipita vituo gani, hatufanyi udaku wala hatutafuti sifa za kumwimbia siku ya kuapishwa. Tunauliza kama anaweza kuifanya kazi yenyewe. Aliyewahi kushika kalamu chini, katika wilaya, shahidi akisema haraka na wakili akidakia, anajua ni mangapi huponyoka kabla wino haujakauka. Anaposoma mwenendo wa shauri huona kilichoandikwa na huhisi pia palipo na pengo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na daftari la hakimu ni kitanda cha namna hiyo.

Tazama jinsi mwenendo huo unavyotengenezwa. Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikiendesha na kuandika mashauri kwa Kiswahili, lakini kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, kwa miongo mingi hakimu alisikiliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, kwa mkono, papo hapo. Na hapa ziwani Kiswahili chenyewe mara nyingi ni lugha ya pili ya shahidi. Mzee wa Ukerewe au Kwimba, bibi wa Muleba au Tarime, amefikiri kwa Kikerewe, Kisukuma, Kihaya au Kikurya, akatafsiriwa, kisha akatafsiriwa tena kalamuni. Chukua maneno mepesi kabisa: shahidi anasema alimkuta mtu fulani mwaloni alfajiri akivuta kokoro. Hakimu mgeni, au aliyechoka, akiandika kwamba mtu huyo alionekana ufukoni kabla ya jua kuchomoza akivua kwa wavu, ameharibu mambo mawili kwa sentensi moja. Kokoro si wavu wowote tu. Ni zana iliyopigwa marufuku, na kwa kuipa jina jingine kosa limefutika. Wala mwalo si ufuko mtupu, ni mahali pa kazi penye uongozi, mizani na wanunuzi wa dagaa na sangara, na kuwapo pale alfajiri hakumtii mtu shaka yoyote, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ya soko. Jaji aliyekulia Mwanza au aliyefanya kazi Musoma ataikuta sentensi ile miaka sita baadaye na kusimama hapo. Mwingine ataipita.

Mfano mkubwa kuliko yote tulionao umetoka huku huku kwetu. Francis Nyalali alizaliwa mkoani Mwanza mwaka 1935, chini ya utawala wa Mwingereza, wakati ambapo Mwafrika wa Tanganyika aliyeonekana katika mahakama za Kizungu kwa kawaida alikuwa mshitakiwa, shahidi, karani au mkalimani. Chuo cha kusomea shahada ya sheria hakikuwapo nchini. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, kwa wanafunzi wasiofika ishirini. Nyalali alipita Makerere, kisha akaenda London na kufuzu uwakili katika Lincoln's Inn. Angeweza kurudi akadai meza kubwa katika wizara, maana wasomi wa namna yake walihesabika kwa vidole. Alirudi akawa hakimu, na Musoma ikawa miongoni mwa vituo vyake. Baadaye aliongoza Mahakama ya Kudumu ya Kazi, mahali ambapo mfanyakazi na mwajiri waligombana juu ya mshahara na kufukuzwa, yaani juu ya chakula cha jioni. Mwaka 1974 akawa jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 1977, akiwa na miaka 42, Mwalimu Nyerere akamteua Jaji Mkuu. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Mahakama ya Rufani ya pamoja ikafa nayo. Mwaka 1979 Tanzania ikaunda yake, na aliyeiongoza tangu siku ya kwanza hadi mwaka 2000 ni huyu aliyekuwa hakimu Musoma.

Usione vyaelea, vimeundwa. Sidai kwamba Musoma peke yake ndiyo iliyomuunda, maana akili yake na vitabu vya London vilikuwa na sehemu yao. Nadai kwamba vitabu vile vingekuwa na thamani pungufu bila kiti kile cha wilaya, na ushahidi wangu ni shauri la Daudi Pete. Mtu huyo alishitakiwa Musoma kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ikakataza asipewe dhamana kwa sababu tu ya aina ya kosa, bila kumwachia hakimu nafasi ya kumsikiliza. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alisema kifungu hicho kinavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1991 walioketi kuisikiliza walikuwa Nyalali, Lameck Makame na Augustino Ramadhani, na wakakubali kwamba kifungu hicho ni batili. Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa mwanasheria aliyelitumikia Jeshi la Wananchi, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar kabla ya kuingia Rufani mwaka 1989, na baadaye akawa Jaji Mkuu wa Tanzania. Hakimu wa zamani wa Musoma na mwanajeshi wa Zanzibar walisoma jalada moja la mtu mmoja aliyenyimwa dhamana mkoani Mara. Nyalali hakuhitaji kuelezwa na wakili maana ya kukaa mahabusu Musoma ukisubiri upelelezi.

Hapa wapo watakaonipinga, na pingamizi lao la kwanza lina uzito. Watasema ukaribu na watu huleta upendeleo, kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kwamba jaji aliyelelewa katika mila fulani atazilinda hata zinapodhulumu. Shauri la Holaria Pastory laonyesha kwamba hofu hiyo si ya bure. Mwanamke huyo Mhaya alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, na mwaka 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ile, iliyokuwa karibu na mgomba na kaburi la mzee kuliko mahakama nyingine yoyote, ilimpa ushindi mpwa. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua, na Mwanza, Februari 1990, Jaji Mwalusanya akamaliza ubishi: kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilizomnyima mwanamke haki aliyopewa mwanamume haziwezi kusimama mbele ya Katiba inayokataza ubaguzi.

Basi nakiri kwamba kuwa karibu hakutoshi. Lakini itazame hukumu ile vizuri. Haikuandikwa na mtu asiyejua mila. Iliandikwa na jaji aliyezielewa vema kiasi cha kusema zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Kujua maisha ya watu ni chombo cha kusomea ushahidi, na sheria ndiyo ya kuamulia. Katika Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale mara nyingi yalifanywa mekundu na moshi wa miaka mingi jikoni. Jaji anayejua hilo hatampunguzia muuaji adhabu kwa sababu ya kuijua imani yake. Ataelewa tu kwa haraka zaidi jinsi kijiji kizima kilivyokaa kimya, na kwa nini shahidi wa tatu alibadilisha maneno yake.

Pingamizi la pili ni la watu wa vyuo. Watauliza: mbona Ibrahim Hamis Juma alikuwa mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akawa Jaji Mkuu kuanzia mwaka 2017 hadi 2025? Mbona Mohamed Chande Othman aliendesha mashitaka katika mahakama ya kimataifa ya Rwanda pale Arusha na kisha Timor ya Mashariki, naye akaliongoza benchi? Sina ugomvi na hao, wala singependa benchi la watu waliopita njia moja. Rufani huketi watatu ili kila mmoja aone ambacho mwenzake hakioni, na mwalimu wa sheria huona makosa ya hoja ambayo hakimu mzoefu ameyazoea. Ninachokataa ni benchi ambalo hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika ushahidi kwa mkono wake huku mvua ikipiga bati la mahakama asisikie neno. Mwanamke wa kwanza kuwa jaji nchini, Julie Manning, aliingia Mahakama Kuu miaka ya 1970, na tangu hapo tumekubali kwamba benchi la wanaume watupu lina upofu wake. Upofu wa benchi la watu wasiowahi kukaa wilayani ni wa jinsi hiyo hiyo.

Wengine watasema uhakimu wa muda mrefu hufundisha woga, maana hakimu huhamishwa na kupandishwa na wakubwa. Nawajibu kwa Nyalali tena. Mwaka 1991 alipewa tume ya kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja, na huo ulikuwa mlango rahisi wa kutokea. Tume yake ilipendekeza vyama vingi kwa kuheshimu wale wachache, ikataja na sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Uhakimu haukumfundisha woga huyo.

Kuhusu lugha, hatua kubwa imepigwa. Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri la mgodi wa North Mara, na Februari 2021 Rais Magufuli akampandisha kuwa jaji wa Rufani kwa ajili hiyo. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Ni jambo la kushangilia, ila lisitulevye. Majalada ya zamani bado ni ya Kiingereza, na kati ya Kikerewe na Kiswahili bado kuna maji ya kuvuka.

Yapo yanayoweza kufanyika bila kubadili Katiba. Kwa uteuzi wa ujaji wa Mahakama Kuu, Katiba inamweka sawa hakimu, mwanasheria wa serikali na wakili, mradi ana shahada na miaka kumi ya sifa zinazotakiwa. Basi Tume ya Utumishi wa Mahakama, inapomshauri Rais, ihesabu miaka ya wilayani kuwa sifa yenye uzito. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60 na wa Rufani 65. Tukimwacha hakimu hodari asote miaka thelathini kabla ya kumwona, atafika juu akiwa amebakiza muda wa kuaga. Wanaotoka vyuoni na ofisi za serikali wapewe kwanza miaka ya kusikiliza mashahidi Musoma, Bukoba, Shinyanga au hapa Mwanza kabla ya kupanda. Jaji anapoapishwa, wananchi waelezwe kwa ukamilifu alikosoma, alikofanya kazi na mashauri aliyoyaamua. Majina ya vyeo peke yake hayatuambii kitu.

Na ninyi vijana mnaohitimu sheria Nyegezi na Dar es Salaam, mnaomaliza Shule ya Sheria mkitamani kampuni za mawakili mjini, mnaoona Mahakama ya Mwanzo kisiwani kuwa adhabu: nchi inawahitaji hapo kwanza. Ukipangiwa Nansio, panda meli uende, uandike ushahidi wa yule mzee wa Ukerewe kama alivyousema.