Mashauri ya Nyumbani: Nyumba Rahisi ya Texas na Dawa ya Mama

Mwezi huu tumepokea barua ndefu kutoka Marekani. Kwa kuwa ndugu wengi wana watoto au jamaa huko, na walimu huombwa shauri juu ya mambo ya namna hii, tumeona vema kuijibu mbele ya wote. Jina la mwandishi twalificha kwa ombi lake.

Ndugu huyu ni mzaliwa wa Kongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kupelekwa Marekani. Sasa yeye na mkewe ni raia wa huko, nao wana watoto watano. Wakaa karibu na Sacramento, mji mkuu wa jimbo la California, na kazi yake ni kufua mashuka ya hoteli. Mkewe hafanyi kazi ya ujira, maana ana ugonjwa wa kisukari, na kila siku hujidunga dawa ya insulini. Basi mwanyumba wake, yaani mume wa dada wa mkewe, amemwandikia toka Houston, katika jimbo la Texas: "Ndugu, huko watupa fedha bure. Njoo huku, nyumba ni rahisi, wala serikali ya jimbo haikati kodi katika mshahara." Naye atuuliza, "Je, tuhame?"

Kwanza msomaji ajue ya kuwa Marekani ni nchi moja yenye majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake za kodi, za ujira na za matibabu. California na Texas ndiyo majimbo mawili yenye watu wengi kuliko yote. La kwanza lina watu kama milioni 39 na la pili kama milioni 31. Kwa hiyo watu wawili wanaofanya kazi moja chini ya bendera moja yamkini maisha yao yawe mbali kama ya wageni wawili.

Tuanze na hesabu, maana mwanyumba hakusema uongo. California, tangu tarehe 1 Januari 2026, sheria yakataza kumlipa mtu chini ya dola 16 na senti 90 kwa saa. Ndugu yetu hupata hizo, na kwa mwaka mzima wa saa 40 kila juma ni dola 35,152. Texas haina kiwango chake, hufuata kile cha serikali kuu, nacho ni dola 7 na senti 25, hakijabadilika tangu mwaka 2009. Waajiri wengi wa mijini hutoa zaidi, kwa sababu kwa ujira huo hawapati watu. Mwanyumba hupata dola 14 katika ghala, na kazi kama hiyo ndiyo anayomwahidia mwenzake. Kwa mwaka ni dola 29,120. Basi kwa kuhama atapoteza dola 6,032 za ujira. Lakini California hulipa dola 2,400 kila mwezi kwa kupanga nyumba, na nyumba aliyoonyeshwa Houston ni dola 1,550. Kwa mwaka ataokoa dola 10,200. Tukitoa hasara katika faida, zabaki dola 4,168. Tena petroli na umeme ni ghali zaidi California, na huko mshahara wake hukatwa kidogo kwa ajili ya mfuko wa wagonjwa wa jimbo. Tuseme basi faida ya Texas ni dola 5,000 na kitu. Kwa mtu mwenye watoto watano hizo si fedha za kudharauliwa.

Walakini lile neno la kodi limpite sikio moja na kutokea la pili. Ni kweli Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, na mwaka 2019 wakaaji wake walipiga kura kuizuia katika katiba yao. Ni kweli pia kwamba matajiri wa California hutozwa zaidi ya dola 12 katika kila 100 za juu. Lakini kodi ile hupanda ngazi kwa ngazi, na mtu mwenye mapato kama ya ndugu yetu, tena mwenye watoto watano wa kutolewa msamaha, hatozwi kitu. Ataepukaje mzigo asioubeba? Texas nayo hutafuta fedha zake mahali pengine, hasa katika ardhi na nyumba, na kodi ya mwenye nyumba huko ni miongoni mwa zile nzito katika Marekani. Mwanyumba aliyenunua nyumba yake ayajua hayo, ingawa hakuyaandika.

Mtu atauliza, mbona nyumba za California ni ghali hivyo? Watu wengi waitaka nchi ile, yenye kazi nyingi na hewa nzuri, lakini kwa miaka mingi nyumba zilizojengwa hazikuwatosha; sheria za miji na mashauri ya majirani wasiotaka nyumba mpya karibu nao zimezuia mengi. Houston ni uwanda mpana, wala mji hauna sheria ya kugawa mitaa ya kukaa na mitaa ya biashara, hivi nyumba huinuka upesi. Matunda ya jambo hili yaonekana kwa macho: katika hesabu ya Januari 2024, California ilikuwa na watu 187,000 wasio na makao, na Texas kama 28,000. Jimbo lenye mali nyingi lashindwa kuwapa watu wake paa.

Sasa twafika penye shina la shauri. Lutu alipochagua bonde la Yordani aliona maji na majani, hakuuliza habari za majirani. Ndugu yetu naye ameuliza habari za nyumba, hakuuliza ni nani atakayelipa dawa ya mkewe.

Mwaka 2010 Marekani ilifanya sheria ya kwamba watu wazima maskini katika kila jimbo wapate matibabu kwa fedha za serikali. Mwaka 2012 mahakama ya juu kabisa iliamua ya kuwa hakuna jimbo litakaloshurutishwa. California ilikubali, Texas ilikataa, na hata leo haijakubali. Huko California mtu mzima hupokewa hata mapato ya nyumba yake yakipita kidogo kipimo cha umaskini cha serikali kuu, na kwa nyumba ya watu saba kipimo hicho ni zaidi ya dola 48,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mama huyu hupata daktari na insulini pasipo kulipa. Texas, mzazi hapokewi ila mapato ya nyumba yakiwa dola mia chache tu kwa mwezi. Tena kuna shimo baya zaidi: ule msaada wa serikali kuu wa kununua bima hupewa walio juu ya kipimo cha umaskini, kwa kuwa watunga sheria walidhani walio chini yake wamekwisha kupokewa na majimbo. Dola 29,120 ni chini mno ya kipimo. Ndiyo kusema, mume na mke wataonekana matajiri mbele ya jimbo na maskini kupita kiasi mbele ya serikali kuu, wakose huku na huku. Watoto watapokewa, maana Texas ina msaada kwa watoto. Wazazi ndio watakaobaki nje. Haishangazi kwamba Texas ina watu wengi wasio na bima, kwa kila mia, kuliko jimbo lolote.

Mlango mmoja upo, nasi tusiufiche. Wilaya ya Harris, ambamo sehemu kubwa ya Houston imo, ina hospitali zake, kama ile iitwayo Ben Taub, ambazo huwapunguzia malipo wakaaji maskini wanaoleta hati za makao na za mapato. Lakini msaada huo ni wa wakaaji wa wilaya ile tu. Watu wengi hufuata nyumba rahisi wakavuka mpaka, nao hujua hasara yao siku wanapougua.

Juu ya misiba ya hali ya hewa hatuna maneno mengi, kwa maana kila upande una wake: California moto wa Januari 2025 katika Los Angeles, Texas baridi ya Februari 2021, umeme ulipokatika, nayo serikali ya jimbo ikahesabu watu 246 waliokufa.

Tulidhani shauri limekwisha, hata tuliposoma ukurasa wa mwisho. Ndugu yetu aandika kwamba mkewe ndiye anayetaka sana kwenda. California hana jamaa. Siku sukari inapoanguka usiku, mume yuko kazini, na binti wa miaka kumi ndiye amwangaliaye. Houston yuko dada yake, na ibada ya Kiswahili kila Jumapili. Hayo nayo ni afya, wala hatuwezi kuyaandika katika safu ya dola.

Basi shauri letu ni hili. Wasihame sasa. Mwanyumba amtafutie mwajiri atakayekubali kwa maandiko kumtia mke katika bima, na aulize mapema kitakachokatwa kila mwezi, maana sehemu ya mke huwa kubwa. Asipopatikana, watafute nyumba ndani ya wilaya ya Harris, hata ikizidi dola 200, wapeleke hati zao hospitalini juma la kwanza, na mama asafiri na dawa ya kutosha siku za kungoja. Wala hatupendi lile wazo la mume kutangulia peke yake, kwa kuwa litamwacha binti yule na usiku mrefu zaidi.

Tena twaomba mama huyu atuandikie mwenyewe. Barua hii ilikuwa kwa mkono wa mumewe.