Shahada ya Uzamili Irudi Kijijini

Chama humtaka kila mwanachama aahidi kujielimisha kadiri awezavyo, na kuitumia elimu hiyo kwa faida ya wote. Ahadi hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inatekelezwa kwa bidii ya kusifiwa: kila mwaka watumishi wa Serikali na vijana wetu wanaomba nafasi za masomo ya juu, na wengi wanarudi na vyeti. Sehemu ya pili ndiyo inayolegalega. Leo tunataka kuisemea sehemu hiyo, na mfano tunaouchukua ni shahada ya uzamili ya sosholojia, yaani elimu ya jamii, kwa jinsi inavyotafitiwa mkoani Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita.

Kwanza tuieleze njia yenyewe, maana wako vijana wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome wanaodhani kuwa ni njia ya watu wa mjini tu. Masomo hayo hutolewa nchini, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa awe na shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 2.7, na aliyesoma nchi za nje hupaswa shahada yake itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu. Mtumishi wa umma huongeza ruhusa ya mwajiri wake. Hakuna hapo sharti la kuzaliwa bara wala mjini.

Akiisha kukubaliwa, mwanafunzi husoma darasani nadharia za akina Marx, Durkheim na Weber pamoja na mbinu za utafiti. Kisha huandika pendekezo la utafiti, hulitetea mbele ya walimu, na hupewa barua ya kwenda nyanjani. Barua hiyo hufika kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hushuka wilayani, huenda kwa mtendaji wa kata, na mwisho huwekwa juu ya meza ya mtendaji wa kijiji. Ngazi zote hizo za dola hufunguka ili mtu mmoja aweze kuketi na mama mponda mawe wa Rwamgasa au mzee wa Nyarugusu na kumwuliza habari za maisha yake.

Basi tuangalie safari ya majibu ya mama huyo. Swali liliandikwa kwa Kiingereza, likaulizwa kwa Kiswahili, likajibiwa kwa Kisukuma. Jibu likafasiriwa kwa Kiswahili daftarini, likageuzwa Kiingereza katika tasnifu, tasnifu ikajalidiwa, ikawekwa katika maktaba ya chuo. Mwanafunzi akavaa joho, akapigwa picha na jamaa zake, akapanda cheo. Barua ya kumwingiza kijijini ilipita ngazi nne. Ya kuyarudisha majibu kijijini haikuandikwa. Mama mponda mawe bado yuko pale pale na nyundo yake, na mwaka unaofuata hujiwa na mwanafunzi mwingine mwenye maswali yale yale. Si ajabu vijiji vya machimbo vimeanza kuchoka na watafiti.

Wako wanaosema kwamba hasara si kubwa, kwa kuwa sosholojia ni maneno matupu, na kwamba nchi inahitaji wahandisi na madaktari. Wahandisi na madaktari twawahitaji sana. Lakini Shinyanga na Geita zimetufundisha kwa machozi kwamba yako maradhi ya jamii yasiyotibiwa kwa sindano.

Kwa miaka mingi vikongwe wa Usukumani waliuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi, na wengi walitiwa alama hiyo kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Ndugu Simeon Mesaki, aliyekuwa mwalimu wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyafanyia utafiti mauaji hayo, na mwaka 1993 akakamilisha tasnifu yake ya udaktari huko Minnesota, Marekani. Miongoni mwa mambo aliyoyahusisha na kukua kwa hofu ya uchawi ni kule kuhamishiwa watu vijijini katika miaka ya 1970, ambako familia zilizozoea kukaa mbalimbali zilijikuta zikibanana. Maneno hayo si matamu masikioni mwa makada. Lakini yanafaa kuliko sifa mia, kwa sababu mpangaji wa makazi anayeyasoma huenda akawa mwangalifu zaidi kesho.

Mfano wa pili. Yalipoenea Kanda ya Ziwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na hasa kuanzia mwaka 2007, taifa zima lilipigwa na butwaa. Mwezi Januari 2009 Serikali ilitangaza kuwazuia waganga wa jadi. Mwaka 2010 Deborah Fahy Bryceson na wenzake wawili walichapisha utafiti uliofuatilia uzi wa jambo hilo hadi kwenye machimbo ya dhahabu: mchimbaji mdogo anayehangaika na bahati, mganga anayemwuzia dawa ya bahati hiyo, na soko la viungo vya binadamu linalozaliwa kati yao. Hapo ndipo ilipo kazi ya elimu ya jamii. Polisi humkamata mwenye panga. Mtafiti hutuonyesha mahali panga lilipoagizwa.

Sasa tunauliza: utafiti ule umesomwa katika vijiji vingapi vya machimbo, na kwa lugha gani? Visiwani Ukerewe wako watu wenye ualbino, na wazazi wao ndio waliokuwa wakilala macho wazi. Hao ndio waliostahili kuwa wasomaji wa kwanza, kabla ya maprofesa wa Ulaya.

Mambo haya hayako mbali na visiwa vyetu. Vijana wa visiwani wanavuka maji kila msimu kwenda kutafuta riziki katika maduara ya Geita. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, safari kati ya Mwanza na Geita imekuwa fupi, na yanayotendeka machimboni, mema na mabaya, yanatufikia upesi zaidi. Zebaki inayochenjulia dhahabu, watoto wanaoacha shule kwenda kubeba mawe, mashamba yanayogeuka leseni: yote hayo ni maswali yanayomngoja mwanafunzi makini.

Tena visiwa vina hoja yao katika elimu hii. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe hakuwa na shahada ya sosholojia, lakini alikaa akaandika kwa Kikerewe maisha ya watu wake, namna walivyooana, walivyolima, walivyotibiana na walivyopatana. Aliimaliza kazi hiyo mwaka 1945. Alipoona hapatikani wa kuichapa, aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na hatimaye kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kikatoka mwaka 1980. Mwaka 1981 mwandishi akafariki dunia. Miaka 35 ya kungojea ni aibu, lakini Mkerewe anayejua kusoma anaweza leo kukifungua akajiona humo. Ni tasnifu ngapi za leo zinazoweza kusema hivyo?

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu kwa wakubwa wanaohusika.

La kwanza, halmashauri ziwape ruhusa za masomo maafisa maendeleo ya jamii walioko vijijini, ambao wanaijua jamii kabla ya kuisoma, na wakiwa nyanjani wasihamishwe kabla ya kukamilisha. Kazi iliyokatizwa katikati ni hasara ya fedha na ya muda.

La pili, barua ya kibali inayotoka kwa Katibu Tawala iwe na sharti moja jepesi: mtafiti arudishe muhtasari wa Kiswahili chepesi, kurasa nne au tano, na usomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Mikutano hiyo tayari ipo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Haihitaji fungu jipya la fedha wala kamati mpya. Na majina ya waliojibu yafichwe, ili asije mtu akaadhibiwa kwa kusema kweli.

La tatu, matokeo hayo yawekwe mezani wakati wa kupanga. Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanaitaka migodi iandae kila mwaka mpango wa kuwahudumia wananchi, na ikubaliane na serikali za mitaa. Diwani anayeingia katika kikao hicho akiwa na utafiti mkononi atasikilizwa kuliko anayeingia na malalamiko peke yake.

Kwa vijana wetu wanaojiandaa kuomba tuna neno moja. Chagueni swali ambalo mama mponda mawe angetaka lijibiwe, kisha mrudini kumjibu. Sisi tulioanzia chuoni kwa mwalimu kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa kwamba elimu bila amali ni mti usiozaa matunda. Chuo kikuu kinayo haki ya kutangaza kwamba mtu amehitimu. Lakini haki ya kusema kwamba elimu hiyo imefaa ni ya kijiji kilichojibu maswali, na kijiji hakiwezi kusema neno juu ya jambo ambalo hakikusomewa.