Maji ya Udhu na Fungu la Mchicha



Mama anayeingia sokoni Kongowea hununua pamoja na kabichi ile nauli yake. Mboga imesafiri kwa lori kutoka bara, na kila mkono iliyopitia umeongeza chake. Mafuta ya gari yakipanda, fungu hupungua. Nasi twajua nyumbani kinachoondolewa kwanza si mchele wala sukari, ni mboga. Watoto wakala wali mkavu kwa mchuzi mwepesi, na wazee wenye kisukari wakala huo huo.

Hatusemi kabichi iachwe. Lakini mchicha, mnavu, majani ya kunde na kisamvu hulipenda jua letu hili hili. Mchicha uliopandwa leo huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Kosa ni letu: tumewafundisha watoto kwamba hicho ni chakula cha wanyonge, hata bibi akipika kisamvu cha nazi, kilichotwangwa na kuchemshwa vyema, wao hutafuta chipsi.

Dada zetu wa Mji wa Kale na Majengo watauliza, udongo tunao wapi? Gunia moja latosha. Hujazwa udongo na samadi, katikati hupangwa mawe madogo toka chini hadi juu ili maji yashuke, kisha ubavuni hutobolewa matundu ya miche. Tatizo hasa ni maji. Visima vingi vyetu ni vya chumvi, na maji matamu twayanunua kwa madumu ya mkokoteni. Nani atanunua dumu akanyweshe mchicha?

Hapo ndipo tunaposema tuutazame msikiti. Mara tano kwa siku maji ya udhu hutiririka mtaroni, hayana sabuni wala mafuta. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi hayafai kutwaharishia tena, lakini yenyewe ni safi. Na mche hauna haja ya zaidi ya hapo. Bomba moja la kuyapeleka kwenye pipa, mbali kabisa na mfereji wa choo, lingenywesha safu ya magunia ukutani. Mafungu yakauzwa kwa bei nafuu, na ya wajane na mayatima yakatolewa bure. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba hata anachokula ndege katika ulichopanda ni sadaka kwako, ingawa kuku wa jirani tungeomba wafungwe.

Lipo jambo la kukatwa mapema. Uwanja wa msikiti ni wakfu, kwa hiyo kamati iketi na kuandika nani atachuma na fedha zitaingia wapi. Tumeona mambo mema yakivunjika kwa madogo kuliko hayo. Na katika kikao hicho akina mama wawemo. Kamati nyingi hazina hata mmoja wao, ilhali wao ndio wajuao fungu ni shilingi ngapi leo na lilikuwa ngapi juma lililopita.

Magunia matupu ya mchele wa futari yangali stoo katika misikiti mingi tangu Ramadhani. Ijumaa hii, baada ya sala, mwenye ndugu au mume kwenye kamati amuulize ufunguo uko kwa nani.