Fimbo, Simu na Kumbukumbu ya Mtoto

Hapa kwetu Chunya kijana asiyetulia hakosi jina. Ataitwa mtundu, ataitwa kichwa maji, ataitwa sikio la kufa lisilosikia dawa. Mtume vitu vitatu dukani, ataleta kimoja. Mwalimu akisema, "Fungueni ukurasa wa 40, nakilini swali la pili, kisha pigeni mstari," yeye atapiga mstari tu, na wenzake watacheka. Afikapo kidato cha pili amekwisha kuamini kwamba hana akili, na njia ya kwenda machimboni Matundasi na Makongolosi iko wazi mbele yake. Kule haulizwi ukurasa.

Nimefundisha miaka mingi, na ninaandika kuzipinga dawa mbili wanazopewa vijana wa namna hii, moja ya zamani na nyingine ya kisasa. Kosa lao ni moja: zote zinataka kukitengeneza kichwa cha mtoto, wala hazitaki kuligusa darasa.

Hali yenyewe inajulikana kwa madaktari. Wanaiita ADHD, yaani upungufu wa umakini ambao mara nyingi huambatana na kutotulia. Kwa makadirio yanayotumika sana, inawapata watoto kama 5 katika kila 100. Basi katika darasa la watoto 80 tutarajie 4. Wengi wao ni dhaifu katika ile kumbukumbu inayoshikilia jambo kwa sekunde chache wakati akili inalifanyia kazi. Anayeosha mchanga wa dhahabu atanielewa upesi. Mtoto huyu anayo mikono ya kuoshea, ila karai lake ni dogo. Ukimmwagia ndoo nzima kwa mara moja, dhahabu inakwenda na maji.

Dawa ya zamani ni fimbo. Kanuni za viboko za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, tena kwa mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Kusahau hakumo. Hata hivyo ni wangapi wamechapwa kwa sababu tu wamesahau? Hofu nayo inaingia katika karai lile lile na kulijaza. Mtoto anayeiwaza fimbo hana mahali pa kuweka hesabu.

Dawa ya kisasa inatujia kwa kompyuta na simu: michezo ya kunoa kumbukumbu. Siidharau asili yake. Mwaka 2005 Torkel Klingberg na wenzake wa Sweden walitoa matokeo ya mazoezi ya kompyuta kwa watoto 53 wenye ADHD, wa miaka 7 hadi 12. Kumbukumbu yao ilipanda katika vipimo, na wazazi wakasema watoto wametulia kidogo. Biashara ikanoga. Lakini mwaka 2012 watafiti wa Kanada waliwapima vijana 60 wa miaka 12 hadi 17, wenye ADHD na matatizo makubwa ya kujifunza. Baadhi ya vipimo vya kumbukumbu vilipanda. Umakini na masomo havikusogea. Mwaka 2013 Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme walikusanya tafiti 23 za mazoezi ya namna hiyo, wakaona faida haivuki kwenda kwenye kusoma wala hesabu. Mtoto anayecheza bao kila siku atakuwa bingwa wa bao. Hilo halimfanyi ajue kugawanya.

Nini basi kinafaa? Mpunguzie mzigo. Agizo moja kwa wakati mmoja, tena liandikwe ubaoni libaki pale. Akae mbele. Kazi ndefu ikatwe vipande, na akimaliza kipande asifiwe hapo hapo, asingojee mwisho wa muhula. Apewe ruhusa ya kufuta ubao au kugawa madaftari, miguu inyooke. Anayehitaji daktari apelekwe Mbeya, kwani dawa za hospitali zipo na zimewasaidia wengi.

Wako watakaosema: mwalimu mmoja na watoto 80, atamhudumia vipi mmoja mmoja? Nami nawajibu kwamba agizo lililoandikwa ubaoni husomwa na wote 80, na gharama yake ni kipande cha chaki.

Tena kwetu kuna jambo ambalo wauza michezo hawalitaji. Tangu dhahabu ya Lupa ilipogunduliwa mwaka 1922, vizazi vimekulia kando ya machimbo. Leo mchimbaji mdogo huchanganya mchanga na zebaki kwa mikono, kisha huichoma, na moshi wake unaingia mapafuni. Zebaki huharibu ubongo unaokua, ikigusa kumbukumbu na umakini wenyewe tunaoulilia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18. Hata hivyo mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, na Chunya ilikuwamo. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti zebaki. Basi tazama tunavyofanya: kijana mwenye karai dogo tunamfukuza darasani kwa fimbo, anakwenda palipo sumu ya kulitoboa.

Kwa hiyo mzazi, ukiombwa fedha za mchezo wa kunoa kumbukumbu, uliza kwanza: mwanangu atasoma vizuri zaidi, au atacheza mchezo huu vizuri zaidi? Na wewe mwalimu mwenzangu, kabla hujainua fimbo, hesabu: maagizo uliyotoa kwa pumzi moja yalikuwa mangapi?