Mwiko na Hadhira Yake: Hoja Dhidi ya Usomaji Wetu wa Kaya za Kwale

Wahakiki wa fasihi simulizi tuna kosa ambalo tumelirudia kwa muda mrefu hata limegeuka kuwa mbinu. Tukikutana na methali, tunaihesabu kuwa sanaa. Tukikutana na sheria ya Bunge, tunawaachia wanasheria. Tukikutana na mwiko, ambao ni sanaa na sheria kwa wakati mmoja, tunautia katika kapu la "imani za jadi" na kuusahau. Makala haya yanadai kwamba kapu hilo ni kaburi, na kwamba pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani hadi Msambweni, inatoa ushahidi wa kutosha kuhusu gharama ya kosa hili.

Tuanze na Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo wenye hekta zipatazo 30 karibu na bahari, kusini mwa Diani. Mgeni anayeingia humo hujifunga kaniki na huongozwa na mwenyeji. Haruhusiwi kuchuma jani, kuokota ukuni wala kuondoka na jiwe. Kubusiana humo ni marufuku. Nje ya msitu, hoteli na majumba ya kifahari yameumeza ufuo. Ndani yake miti ingali imesimama. Hatuna budi kuuliza: ni kitu gani kinachouzuia mkono wa mtu hapa ambacho hakiuzuii hatua mia kutoka hapa?

Jibu la kwanza, ambalo ndilo lipendwalo na maofisa, ni sheria. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1992 kaya nyingi zimetangazwa kuwa turathi za taifa chini ya usimamizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwamba sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 iliutia nguvu ulinzi huo. Kwamba mwaka 2008 UNESCO iliziandikisha baadhi ya kaya za Mijikenda, Kinondo ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Na kwamba ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 2010 inayataja maeneo matakatifu miongoni mwa ardhi za jamii. Hatuyabezi mafanikio hayo. Lakini misitu hiyo ilisimama kwa vizazi kadhaa kabla ya tangazo lolote la serikali, na baada ya matangazo hayo baadhi yake iliendelea kumegwa. Katika miaka ya 1990 hiyo hiyo hoteli ilijengwa kisiwani Chale, ambako nako kuna kaya. Ikiwa sheria ndiyo iliyoulinda msitu, basi mlinzi alifika akiwa amechelewa, na hata alipofika alisinzia zamu.

Jibu la pili, ambalo kwa bahati mbaya ndilo letu wanataaluma, ni hofu: watu hawakati mti kwa sababu wanaogopa mizimu. Jibu hili linajifanya la kisayansi, lakini halielezi lolote. Kama hofu ingekuwa ndiyo nguvu yenyewe, ingemshika kila mtu. Mbona haimshiki mnunuzi wa kiwanja aliyetoka mbali? Na mbona mzee wa Kidigo, Mwislamu anayeswali swala tano, huulinda msitu ule ule bila kuona kwamba ameiacha dini yake? Hofu ni tokeo la jambo jingine, na jambo hilo limo ndani ya taaluma yetu wenyewe: nalo ni hadhira.

Tuiangalie lugha. Sheria iliyoandikwa huzungumza kwa nafsi ya tatu: "mtu yeyote ambaye ataharibu..." Mtu yeyote ni nani? Aghalabu ni mtu mwingine. Mwiko, kinyume chake, hutamkwa kwa nafsi ya pili umoja: "Mwanangu, usikate mti huo." Kiambishi *u-* kinamtafuta msikilizaji mmoja aliyesimama mbele ya msemaji. Msemaji naye anajulikana: ni mzee wa ngambi, ana jina na ukoo, na usemi wake unabebwa na masimulizi ya safari ya kutoka Singwaya na ya fingo lililozikwa kayani. Hapa pana fanani, hadhira na muktadha, vitu vitatu tunavyowadai wanafunzi wetu kila mtihani. Tunapouandika mwiko katika daftari bila vitu hivyo, tunaugeuza kuwa sheria mbovu, kisha tunaushangaa kwa udhaifu wake.

Kwamba kanuni isiyo na hadhira haimwongozi mtu, historia ya ardhi ya pwani inashuhudia. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za ardhi za pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa kuandikisha dai lake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Wadigo wengi hawakuandikisha. Je, waliasi? La. Kwao shamba lilithibitishwa na minazi, makaburi na ushahidi wa majirani. Sheria ilizungumza kwa Kiingereza na hati, kana kwamba waliokusudiwa ni watu wengine, kisha ikawahukumu wao kwa kutoitika. Uskwota wa leo katika Kwale una mizizi yake katika mazungumzo hayo ya upande mmoja.

Mirathi nayo inafunza jambo hilo kwa njia nyingine. Kwa ada ya zamani ya Wadigo, mali ya mtu ilirithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada. Kwa sheria ya Kiislamu, hurithiwa na watoto wake mwenyewe. Katika karne ya 20 kanuni hizo mbili ziliishi katika mji mmoja, na wakati mwingine katika nyumba moja. Mizani ilikwenda ikielemea upande wa baba bila amri ya Bunge kuifuta ada ya mjomba. Watu walibadili hadhira: wakaanza kujihesabu, katika jambo hilo, miongoni mwa wanaoambiwa na msikiti kuliko na ukoo wa mama.

Hapa mpinzani wetu atatukumbusha Kaya Bombo, na ana haki. Kabla ya mashambulizi ya Likoni ya Agosti 1997, vijana walilishwa kiapo katika kaya hiyo, na watu wengi wakauawa au kufukuzwa makwao kwa sababu tu walitoka bara. Wale wanaoziimba mila kama kwamba ni maziwa matupu hawana budi kulitazama tukio hilo usoni. Sisi hatudai kwamba mwiko ni mwema kwa kuwa ni wa jadi. Tunadai kwamba una nguvu, na kwamba wanasiasa walioielewa nguvu hiyo waliitumia huku wasomi tukiendelea kuiita ushirikina. Kinachodharauliwa na mhakiki hakikosi msomaji mwingine.

Wapo pia wanaosema kwamba mwiko wa Kinondo sasa ni mchezo wa kuigiza kwa watalii, na kaniki ni vazi la jukwaani. Hoja hii haina uzito. Utendaji haujawahi kuwa kinyume cha ukweli katika fasihi simulizi. Mgeni anapojifunga kaniki huacha kuwa "mtu yeyote" na kuwa "wewe", na kwa saa moja sheria ya mahali pale inamhusu. Mabango mengi ya serikali hayajaweza kufanya hivyo. Hatari iliyopo ni nyingine: kwamba mtalii ataingizwa katika hadhira ilhali mtoto wa Diani anaondolewa humo, na anayemwondoa ni mwalimu tuliyemfunza sisi kwamba miiko ni ujinga wa wazee.

Basi wajibu wetu uko wazi. Kwanza, mwiko ufundishwe kama utanzu kamili wa fasihi simulizi, wala usiwe tanbihi ya mada ya imani. Pili, tunapoukusanya tuandike nani alimwambia nani, wapi na kwa nini. Tatu, tuzisome sheria za Bunge kwa jicho lile lile: nani anazungumza, kwa lugha gani, na nani ameachwa nje ya mlango wa sentensi. Tukishindwa, Kinondo haitahitaji adui. Siku atakapokosekana mtu wa mwisho anayesikia "usikate" akajua kwamba ni yeye anayeambiwa, msitu utabaki na ulinzi wa karatasi peke yake, na Wadigo waliokwisha kuupoteza ufuo wanajua karatasi humlinda nani.